Mlango wa Mnyonge Nao Una Mwenyewe

Wako watakaotuuliza: Kibondo na Kasulu zatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Huko ni bara ya mbali, nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha, mpakani na Burundi. Wao wana misitu na mapori, sisi tuna minazi na mikarafuu. Jawabu yetu ni fupi. Misitu na wanyama wa porini si mambo ya Muungano, na kila upande una sheria zake. Lakini Polisi ni jambo la Muungano tangu mwaka 1964. Askari anayempa mwenziwe karatasi ya kuingilia nyumba ya mtu huko Kasulu ana mkuu mmoja na askari wa Wete na wa Mkokotoni. Desturi atakayoizoea kule hataiacha gatini siku atakapohamishiwa huku. Na wahenga wametuusia: ukiona cha mwenzio chanyolewa, chako tia maji.

Basi na tuanze kwa kulieleza jambo lenyewe lilivyo, maana chama kinachopiga kelele bila ya kuisoma sheria ni sawa na muadhini asiyejua saa: sauti yake huenda ikawa nzuri, lakini hupotosha watu sala.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake, unyumba wake na maskani yake. Haki hiyo iliingizwa pamoja na haki nyingine kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na Katiba yetu ya Zanzibar ya mwaka huo huo 1984 nayo imeikubali. Lakini ibara hiyo haikuishia hapo. Imeendelea kusema kwamba mamlaka ya nchi yataweka utaratibu wa namna haki hiyo inavyoweza kuingiliwa. Mlango umefungwa kwa mkono wa kulia, na ufunguo umetolewa kwa mkono wa kushoto. Sisi hatuulizi kwa nini upo ufunguo, kwani hapana nchi isiyokuwa na ufunguo huo. Tunauliza: nani anaushika?

Wengi wetu tulikuwa tukidhani kwamba anayeushika ni hakimu. Mtu anatuhumiwa, askari anakwenda mahakamani, anaeleza sababu zake, hakimu anapima, akiridhika anatia saini, na askari ndipo anapopiga hodi. Hivyo ndivyo akili inavyotaka. Sivyo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Namba 9 ya mwaka 1985, inayotumika Tanzania Bara, ilivyosema. Kifungu chake cha 38, kama kilivyotungwa, kimempa uwezo huo mkuu wa kituo cha polisi. Yeye akiridhika kwamba ipo sababu ya kushuku kuwa katika nyumba au chombo fulani pana kitu cha kosa, na kwamba kukawia kutakifanya kitu hicho kiondoshwe au kiharibiwe, basi anaweza kupekua mwenyewe, au kumwandikia askari aliye chini yake ruhusa ya kupekua. Hakimu hupewa khabari baadaye: ruhusa ilitolewa, kwa sababu kadha wa kadha, na kilichopatikana ni hiki.

Angalieni vizuri, ndugu zetu. Anayeshuku ni polisi. Anayeomba ruhusa ni polisi. Anayetoa ruhusa ni polisi. Na hakimu, ambaye ndiye aliyewekwa baina ya mwenye nguvu na mnyonge, anapelekewa khabari baada ya mlango kwisha funguliwa na magodoro kwisha pinduliwa. Hakimu gani huyo? Huyo ni karani wa kupokea barua. Wazee wamesema kesi ya nyani ukimpelekea ngedere hupati haki. Nao waliyasema hayo kabla ya kuwapo kituo cha polisi.

Hata hivyo sheria hiyo ina mambo matatu ya insafu ambayo kila mwananchi anastahili kuyajua. La kwanza ni la wakati: hati ya upekuzi hutekelezwa baina ya kuchomoza jua na kuchwa kwake, na anayetaka kuingia usiku sharti apate idhini ya mahakama. La pili ni la stakabadhi: kitu kikichukuliwa, askari anatakiwa atoe stakabadhi ya kukiri kwamba amekichukua, nayo iwe na saini ya mwenye nyumba au jamaa yake wa karibu, na ya mashahidi walioshuhudia kama wapo. La tatu ni la ushahidi: mahakama ina uwezo, kwa kifungu cha 169, wa kuukataa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria. Maagizo Makuu ya Polisi, katika agizo la 226, nayo yameweka utaratibu wa upekuzi. Kwa hivyo asije mtu akatuambia kwamba tunayoyadai ni ndoto za wapinzani. Yamo katika vitabu vya Serikali yenyewe. Tatizo ni kuwa kila jambo la insafu limewekewa kichochoro pembeni.

Kichochoro cha kwanza ni neno "dharura". Kifungu cha 42 kinamruhusu askari kupekua bila ya hati pale penye dharura ya kweli. Sasa neno hilo limenyooshwa mpaka limekuwa mpira. Askari huletewa khabari asubuhi, akala chakula cha mchana, akatengeneza gari, akasafiri, akafika usiku, khalafu mahakamani akasema ilikuwa dharura. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imewahi kulikataa jambo hili zaidi ya mara moja: dharura haithibiti kwa kutamkwa, na aliyekuwa na nafasi ya kutafuta hati hana udhuru wa kutokuwa nayo. Tunawashukuru majaji hao. Lakini mtu hufika kwa majaji hao baada ya miaka, naye miaka hiyo ameilia gerezani. Kwa muda mrefu rufaa za watu wa Kibondo na Kasulu zilikuwa zikienda Tabora. Haki inayosafiri mbali kiasi hicho hufika imechoka, na wakati mwingine humkuta mwenyewe ameshafariki.

Kichochoro cha pili kimo katika sheria za maliasili zenyewe, na hapa ndipo Kibondo na Kasulu zinapoingia khasa. Nchi ile imezungukwa na hifadhi. Liko pori la akiba la Moyowosi. Uko msitu wa Makere. Liko bonde la Malagarasi na Muyovozi, ambalo mwaka 2000 liliandikwa kuwa eneo la kwanza la Tanzania katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia. Watu wake ni wakulima wa maharage na muhogo na walina asali mashuhuri. Mkulima wa huko akikata gogo, yuko chini ya Sheria ya Misitu, Namba 14 ya mwaka 2002. Akitundika mzinga, yuko chini ya Sheria ya Ufugaji Nyuki, Namba 15 ya mwaka huo huo. Akikutwa na nyama, yuko chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009. Kila sheria ina maofisa wake, na kila ofisa ana macho yake na mikono yake.

Sheria hiyo ya wanyamapori, katika kifungu cha 106, inampa ofisa aliyeidhinishwa uwezo wa kuingia na kupekua bila ya hati ardhi, jengo, hema, gari, ndege au chombo cha mtu anayemshuku. Wala ofisa huyo si polisi peke yake: askari wa wanyamapori yumo, na watumishi wa idara nyingine za maliasili wamo. Kisha sheria, kama iliyoona haya, ikaongeza sharti: nyumba ya kukaa watu isiingiwe bila ya hati, ila mbele ya shahidi huru japo mmoja.

Someni tena maneno hayo, "ila mbele ya shahidi huru". Maana yake hati ya upekuzi imegeuzwa mtu. Badala ya karatasi yenye saini, yenye tarehe, yenye sababu iliyoandikwa kabla, inatosha kumwokota mtu njiani na kumwambia: njoo usimame hapa. Karatasi haiogopi, haina njaa, haina jamaa kazini. Mtu anayo yote matatu.

Na shahidi huru ni nani? Kule bara aghlabu huitwa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji. Haya, mwenyekiti huyo amepatikana vipi? Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa maelfu, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, na chama kinachotawala kikajizolea takriban viti vyote. Katika uchaguzi wa Novemba 2024 wagombea wetu walienguliwa tena kwa wingi, na matokeo yakafanana na yale ya mwanzo. Hatusemi kwamba kila mwenyekiti ni mtu mwovu. Wako waungwana miongoni mwao. Tunasema hivi: mtu aliyepata kiti chake bila ya kushindanishwa, na anayekitegemea chama cha mkuu wa wilaya, hawezi kuitwa huru pale anaposimama baina ya Serikali na mwananchi. Huku kwetu ni mamoja: sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na sote tunajua sheha husimama wapi siku za kuandikisha wapiga kura. Je, siku ya kupekuliwa nyumba yako atasimama pengine?

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu, si kisa cha mtu maalumu. Mkulima anakaa karibu na msitu wa Makere. Saa tatu za usiku wanafika watu watano na gari, wawili wana bunduki. Hati hawana, wanasema ni dharura. Mwenyekiti wa kitongoji wamekuja naye garini. Mke na watoto wanatolewa nje na kuwekwa uani. Wawili wanaingia ndani na tochi, mwenye nyumba amezuiwa mlangoni. Baada ya muda wanatoka na kipande cha nyama kavu katika mfuko, wanasema ni cha mnyama wa porini. Kimetoka wapi? Chini ya kitanda, wanasema. Nani aliyekiona kikitolewa? Mwenyekiti alikuwa nje vile vile, anazungumza na dereva. Stakabadhi haikuandikwa pale. Inaandikwa kituoni usiku wa manane, na mkulima asiyejua kusoma anawekeshwa dole gumba. Kwa baadhi ya makosa ya kukutwa na nyara za Serikali, sheria hiyo ya 2009 imeweka kifungo kisichopungua miaka 20. Tena mtu hushtakiwa kwa uhujumu uchumi, ambako dhamana nayo ina mashaka yake.

Sasa tunauliza: huyu mkulima ana kosa au hana? Ndugu zetu, hatujui, na wala hajui mtu mwingine yeyote, na hiyo ndiyo dhulma yenyewe! Upekuzi usiokuwa na hati, wala shahidi wa kweli, wala stakabadhi ya papo hapo, huuficha ukweli. Asiye na hatia hana pa kuonesha usafi wake, na mwenye hatia anapata pa kutorokea siku wakili wake atakaposimama mbele ya majaji. Basi aliyepata faida ni nani? Si tembo wala si nyati.

Na hapa twajibu hoja kubwa ya Serikali, kwa kuwa ni hoja na haifai kudharauliwa. Wanasema: nyinyi mnatetea majangili. Wanyama wanakwisha. Ni kweli kwamba wanyama walikuwa wakiteketea. Tembo wa Tanzania walikadiriwa kuwa 109,000 hivi mwaka 2009, na ilipofika mwaka 2014 walihisabiwa 43,000 hivi. Huo ni msiba wa nchi, na anayeufanyia maskhara si mzalendo. Lakini pembe hizo zilikuwa zikipita wapi? Mwezi wa Novemba 2013 zilikamatwa pembe 706 katika nyumba moja ya Mikocheni, Dar es Salaam, pamoja na Wachina watatu. Siku chache baadaye, mwezi huo huo, bandarini kwetu hapa Unguja, kulifunguliwa kontena na ndani yake, katika magunia yaliyochanganywa na kombe za pwani, kukakutwa pembe za tani mbili na zaidi. Kontena halipiti kwa kichwa cha mtu. Lina karatasi, lina wakala, lina muhuri, lina mkono ulioutia muhuri. Hiyo ndiyo njia ya tembo aliyekufa: kutoka porini mpaka meli. Na katika njia yote hiyo, nyumba inayopigwa teke la mlango ni ile ya mwanzo tu, ya tope na nyasi.

Vuli ya mwaka huo huo ilikuwa ya Operesheni Tokomeza. Ilianza Oktoba 2013, ikasimamishwa mwanzo wa Novemba baada ya kilio cha wananchi kufika Bungeni. Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya Mheshimiwa James Lembeli, ilichunguza na kusoma taarifa yake tarehe 20 Desemba 2013. Yaliyomo yaliwatoa watu machozi: mateso, udhalilishaji wa wanawake, mali kuharibiwa, na raia 13 kuuawa. Mawaziri wanne waliondoka siku hiyo, wa Maliasili, wa Mambo ya Ndani, wa Ulinzi na wa Mifugo. Na Kigoma mwaka huo ilikuwa imekwisha pitiwa na operesheni nyingine, Kimbunga, ya kuwatoa wanaoitwa wahamiaji haramu. Katika nchi ya mpakani ambako ndugu hukaa pande zote mbili, nani atakayethibitisha uraia wake usiku mbele ya bunduki?

Mawaziri waliondoka, kichochoro je, kilizibwa? Hilo ndilo swali ambalo hatukusikia likijibiwa. Tangu hapo tumeona idara za maliasili zikivalishwa sare za kijeshi na kuitwa jeshi la uhifadhi. Askari wameongezewa vyeo na mazoezi. Sharti la hakimu halikuongezwa.

Watu wa Buha wanalijua neno operesheni kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa ajili ya ndorobo na ugonjwa wa malale, ikawakusanya pamoja, na ardhi waliyoiacha ikarejea kuwa pori. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma ya kuwaweka vijijini. Sheria ya wanyama ya Mwingereza ya mwaka 1951 ikafuatwa na ya mwaka 1974, nayo ikafuatwa na hii ya 2009. Bendera imebadilika, wimbo umebadilika, vitabu vya sheria vimepigwa chapa mpya. Lakini mtu anayeingia katika pori alilozaliwa babu yake angali anatazamwa kama mwizi anayeingia katika bustani ya mwenyewe.

Na ndani ya nchi hiyo wamo wanyonge zaidi ya wanyonge. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu tangu mwaka 1996, na ya Nduta iliwekwa Kibondo. Mkimbizi anahitaji kuni za kupikia, na kuni ziko msituni. Makao yake, khasa anapofika, ni hema. Sheria imelitaja hema pamoja na gari na jengo miongoni mwa vitu vinavyopekuliwa bila ya hati, kisha ikaihifadhi nyumba ya kukaa watu. Basi hema analolala mama na watoto wake ni hema au ni nyumba? Kibanda cha nyasi cha mlina asali ni jengo au ni nyumba? Tajiri hana haja ya kuuliza suali hili. Nyumba yake ina lango, na lango lina mlinzi, na mlinzi ana simu ya wakili.

Ndugu wanachama, mambo haya hayakuanzishwa na wazungu, wala hatukuyasoma kwao. Katika Sura ya An-Nur tumekatazwa kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa turudi, basi turudi. Katika Sura ya Al-Hujurat tumekatazwa dhana nyingi na kupelelezana. Na wanazuoni husimulia kwamba Sayyidna Umar, naye ni Khalifa, alisikia sauti katika nyumba usiku, akapanda ukuta, akamkuta mtu na mvinyo. Yule mtu akamwambia: mimi nimekosa moja, wewe umekosa matatu, umepeleleza, hukuingia kwa mlangoni, na hukubisha hodi wala kutoa salamu. Umar akanyamaza, akamwacha. Aliyekuwa na dola nzima mkononi mwake alikubali kwamba kosa la mtu wa chini halihalalishi kosa la mtu wa juu. Je, ofisa misitu ni mkubwa kuliko Umar?

Na sisi wa visiwani tuna kumbukumbu yetu. Mzee yeyote wa Pemba anajua maana ya kupekuliwa kwa ajili ya karafuu. Mti uko shambani kwako, umeupalilia wewe, umeuchuma wewe na watoto wako, umeianika karafuu juani mwenyewe. Lakini mnunuzi ni mmoja, naye ni Shirika la Serikali, na gunia likikutwa mahali lisipotakiwa basi wewe ni mhalifu. Leo ni karafuu, kesho ni mchanga wa kujengea, keshokutwa ni samaki. Kila mali ya asili inayopata bei huzaa sheria, na kila sheria huzaa mpekuzi. Hatulalamiki kwamba mali inalindwa. Tunalalamika kwamba mali inalindwa kuliko mtu.

Tuwape na mfano wa dukani, maana wengi wetu ni watu wa biashara. Leo muuza duka akiuza kilo ya sukari bila ya kutoa risiti, anatozwa faini. Serikali imemnunulisha mashine, imemfundisha kuitumia, na imewaambia wanunuzi wadai risiti zao. Vizuri! Hesabu ni amana. Lakini Serikali hiyo hiyo, ikichukua baiskeli ya mtu, magunia yake ya mkaa, mizinga yake na asali yake, huona uzito kuandika karatasi mlangoni pake. Kilo ya sukari ina stakabadhi; uhuru wa mtu wa miaka 20 hauna. Wako mahakimu waliokubali kwamba maneno ya mashahidi yatosha pale stakabadhi ilipokosekana. Muuza duka akimwambia mtoza kodi "mashahidi wangu watosha", ataambiwa nini?

Kwa hivyo madai yetu ni manne, nayo tunayatangaza wazi.

Kwanza: nyumba ya kukaa mtu, iwe ya mawe, ya tope, ya nyasi au ya turubali, isipekuliwe ila kwa hati ya hakimu, iliyotolewa kabla, yenye kutaja nyumba ipi, kitu gani kinatafutwa, na kwa sababu gani. Wakisema mahakama ziko mbali, tutawajibu kwamba Kibondo ina mahakama ya wilaya na Kasulu ina yake, na simu zimefika mpaka vitongojini. Ofisa anayeweza kumpigia simu mkubwa wake kuomba mafuta ya gari anaweza kumpata hakimu.

Pili: dharura ithibitishwe. Ofisa aliyeingia bila ya hati aandike saa aliyopata khabari na saa aliyoingia, na karatasi hiyo imfikie hakimu kesho yake. Saa hizo mbili zitasema ukweli ambao mdomo hauusemi.

Tatu: shahidi awe wa kuchaguliwa na mwenye nyumba: jirani yake, imamu wake, padri wake, mwalimu wa skuli, yeyote anayemwamini. Na mwenye nyumba aingie pamoja na wapekuzi, atazame mikono yao.

Nne: stakabadhi iandikwe pale pale, nakala moja ibaki kwa mwenye nyumba. Kitu kisichokuwa na stakabadhi kisisimame mahakamani, wala isiachiwe khiyari ya hakimu.

Madai haya hayamlindi jangili. Jangili wa kweli, mwenye bunduki na mnunuzi mjini, atakamatwa vizuri zaidi kwa ushahidi uliochukuliwa kwa haki, na hatatoka kwa rufaa. Anayeyaogopa madai haya ni yule tu aliyezoea kuutoa ushahidi mfukoni mwake.

Nanyi, wanachama, msingoje Bunge libadilike. Waelezeni watu wenu barazani, misikitini na madukani: mpekuzi akifika, muulizeni jina lake na kitambulisho chake kwa adabu. Muulizeni hati. Akisema ni dharura, msipigane naye, kwani bunduki haina masikio. Tazameni saa, mwiteni jirani. Msitie saini wala dole kwenye karatasi msiyosomewa. Daini stakabadhi. Yaandikeni yote asubuhi yake mngali mnayakumbuka. Wenzetu wa matawi ya Kigoma nao wafanye hivyo, na wayapeleke maandishi hayo kwa wakili na kwa mbunge, awe wa chama chochote.

Hatumtakii mtu wa Kasulu upendeleo ambao hatujitakii wenyewe. Wazee walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tunasema haki yake ndiyo itangulie, kwani anayepewa haki yake kwanza huenda ikabainika kuwa hakustahili kunyongwa.

Wabillahi tawfiq.